Kete ya Tupu-Tupu

Mtaani kwao Santa Clara, Nereida Fundora alisifika kwa jambo moja ambalo halikumpa cheo wala medali: aliweza kusimama foleni tatu kwa wakati mmoja kwa miguu yake miwili. Wengine wakifika kwenye foleni huuliza nani wa mwisho, kisha huganda hapo mpaka jua liwachome utosi. Nereida aliuliza nani wa mwisho, halafu akaongeza swali la pili, lile la waliobobea: "Na wewe uko nyuma ya nani?" Maana wa mwisho anaweza kuchoka akaenda zake, na akipotea yeye umepotea na wewe. Ukishawajua wawili walio mbele yako, na aliye nyuma yako akakukariri sura, uko huru kwenda utakako. Nafasi yako inabaki pale, imesimama bila wewe.

Jumanne hiyo alikuwa na foleni tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya maisha yake.

Ilikuwa ya notari, yule wa kugonga muhuri kwenye hati za nyumba. Miaka sita nyuma Nereida na mumewe Eladio waliachana. Talaka yenyewe ilichukua dakika ishirini. Kuachana ndiko kulikowashinda, kwa sababu nyumba ilikuwa moja na ya kwenda haikuwapo. Wakapiga ukuta wa plaiwudi katikati ya sebule, mmoja upande wa dirisha, mwingine upande wa mlango, jiko wakachangia kwa zamu. Hawakugombana. Hawakuongea pia. Walichoandikiana ni vikaratasi vilivyobandikwa kwenye plaiwudi: "Maji yanakuja leo." "Umeacha taa." "Mama yako kapiga simu." Usiku Nereida alimsikia Eladio akikohoa kana kwamba yuko kitanda kimoja naye, na hilo ndilo hasa alilolipia talaka asilisikie tena.

Sasa, baada ya kutafuta miaka minne, amepatikana mtu. Zoraida, mjane mwenye nyumba mbili ndogo, alitaka moja kubwa akae na wajukuu. Kubadilishana: yeye achukue ile yao kubwa, Nereida apate kanyumba ka vyumba viwili karibu na stesheni ya treni, Eladio apate ile nyingine, ya chumba kimoja, kule kilimani Capiro. Wote wawepo, wote watie saini, muhuri ugonge, basi. Lakini Zoraida alikuwa na mtu mwingine mkononi, daktari wa meno mwenye nyumba yenye ua.

"Mwanangu, mimi nakupenda wewe," Zoraida alikuwa amemwambia, "ila ule ua una mparachichi. Mkinichelewesha wiki hii, nakwenda kwa mparachichi."

Basi mtu mwenye akili siku kama hiyo angekwenda kwa notari, akae kwenye kiti, asiinuke. Nereida alikuwa na akili nyingi kupita kiasi. Mtungi wa gesi ulikuwa umeisha siku tisa zilizopita na gari la gesi linakuja leo. Kuku wa mgao, aliyeadimika miezi miwili, kaonekana leo asubuhi akishushwa buchani. Kuhamia nyumba mpya na mtungi mtupu na bila kuku lilikuwa jambo ambalo kichwa chake hakikukubali. Na kwa notari walikuwa watu kumi na wanne mbele yake, kila mmoja na mabishano ya urithi. Akaweka nafasi kotekote, kisha akaenda kwenye bustani ya katikati ya mji alikokuwa amepanga mitambo yake.

Mitambo yenyewe ilikuwa Bibi Caruca. Huyu alikuwa jirani, mwalimu mstaafu, magoti yamekufa lakini ulimi uko kazini, na kila asubuhi alikaa kwenye benchi lilelile na boksi la dhumna akiwangoja wenzake wa kucheza. Nereida alikaa kando yake, akampa simu yake.

"Sikiliza, bibi. Zamu yangu ikifika popote, watu watakupigia au watakuja kukwambia. Wewe unasimamisha kete moja hapa kwenye ukingo wa benchi. Gesi ni tatu-tatu. Notari ni sita-sita. Kuku..."

"Kuku ni tupu-tupu," alisema Caruca. "Ndivyo ilivyo sahani yangu tangu Agosti."

"Haya, tupu-tupu. Mimi naangalia kete tu. Ikisimama, naichukua, nakwenda pale inaponiambia, nachukua changu, narudi. Zikisimama mbili, naanza na iliyotangulia. Na wewe usinyanyuke hapa hata mbingu zikidondoka."

"Ninyanyuke na magoti ya nani?"

"Na mtu mwingine asiiguse foleni yangu. Hiyo ndiyo sheria kubwa."

"Umeyatoa wapi haya, kipenzi? Jeshini?"

"Kazini," alisema Nereida, akafungua daftari lake la kazi.

Nereida alikuwa injinia kwenye karakana ya kutengeneza vifaa vya hospitali, na wiki tatu alikuwa akihangaika na sanduku la kuwatunzia joto watoto njiti. Sanduku lilikuwa na ubongo mdogo, na ndani ya ubongo kulikuwa na programu, na ndani ya programu kulikuwa na kibarua mmoja wa kungoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote: kungoja. Alingoja foleni ya vipimo vya joto. Alingoja foleni ya vitufe wanavyobonyeza wauguzi. Na alingoja ile ambayo wenye fani huiita semafori, ya mlango wa sanduku.

"Semafori si ndizo taa za barabarani?" aliuliza Caruca, aliyependa kuelimika. "Mbona hata ya kona ya posta haijawaka tangu mwaka jana?"

"Si hizo. Chukulia ni ufunguo kwenye msumari, bibi. Ukiukuta, unauchukua, unapita. Usipoukuta, unangoja mpaka mtu autundike."

"Kumbe ni kama muhuri wa notari. Manotari wawili, muhuri mmoja, anayeushika ndiye notari."

Nereida alimtazama kwa heshima mpya. Ndivyo hasa.

Shida ya kibarua ni kwamba hawezi kukaa milango mitatu. Kwa hiyo programu ilimpa kitu kama benchi la Caruca: kikapu kimoja cha taarifa. Kikapu hakimpi mzigo, kinamwambia tu mzigo uko foleni ipi, naye anakwenda kuuchukua. Mpango ulikuwa safi. Lakini kila baada ya saa kadhaa sanduku lilikuwa likinyamaza. Kioo kinaonyesha joto zuri, vitufe havijibu, na ndani chupa ya maji ya moto waliyoitumia badala ya mtoto inazidi kupoa. Mkuu wa karakana, injinia Baldoquín, alikuwa ameipa chupa ile jina, Panchito, na kila asubuhi aliuliza mbele ya watu, "Panchito kaamkaje?" Tume ya hospitali inakuja Alhamisi. Nereida aliisoma programu ile mpaka akaiota, na kosa hakuliona.

Saa nne kasorobo simu ililia. Caruca akasimamisha tatu-tatu kwa madaha, kama anafunga mchezo.

Nereida akaenda, akakuta yule wa baiskeli ya abiria aliyekuwa nyuma yake akimpungia mkono, akabadilisha mtungi, akamlipa huyohuyo aupeleke nyumbani, akarudi. Dakika kumi na mbili.

"Mwanamke wewe ungeendesha nchi," alisema Caruca.

"Nchi haina foleni tatu, bibi. Ina moja tu ndefu."

Wakacheka. Alijisikia vizuri mno, na kujisikia vizuri mno siku ya muhuri ni jambo la kujihadhari nalo, ila nani anajihadhari?

Saa nne na nusu alipita mwanamke mwenye vibiringisho vya nywele kichwani, haraka haraka, akapaza sauti: "Mwambie yule injinia, kuku kamfikia!" Caruca akasimamisha tupu-tupu. Sita-sita ilikuwa bado imelala. Nereida akaondoka na mfuko wake mkononi.

Buchani alikwenda moja kwa moja kaunta, kwa haki yake. Mbele yake alipaswa kuwepo mzee wa kofia ya majani, na baada ya mzee ni yeye. Mzee hakuwapo. Muuza nyama, jitu la watu lenye kisu kidogo, alikuwa akimhudumia mtu asiyemjua.

"Ndugu, zamu yangu hii. Mimi niko nyuma ya mzee wa kofia."

"Mzee wa kofia kaondoka na kuku wake. Daftari la mgao?"

Nereida aliingiza mkono kwenye mfuko. Akautoa. Akauingiza tena. Daftari la mgao lilikuwa pale linapokaa siku zote, kwenye msumari wa jikoni.

"Jina?" aliuliza muuza nyama.

"Fundora. Tuko daftari moja na Eladio Monteagudo."

"Monteagudo..." Jitu lilikuna kidevu. "Hilo jina nimelisikia leo. Au jana. Ngoja nimalize kreti hii nikuangalizie kwenye orodha. Usiondoke."

Akangoja.

Alingoja vizuri, kwa ufundi, maana kungoja ndiko alikokujua. Aliegemea kaunta. Alihesabu vigae. Muuza nyama alimaliza kreti, akaanza nyingine, akabishana na mama mmoja kuhusu shingo. Nereida hakuondoka kwa sababu ameitwa, na aliyeitwa kwenye foleni kuna kitu chake kwenye foleni. Ndivyo mitambo inavyosema. Kete ilisimama, mwenyewe aliiona.

Dakika kama ishirini hivi zilipita ndipo jitu lilipofungua orodha yake na kushusha kidole.

"Monteagudo. Kashachukua. Mume wako alikuja na daftari, akasema ni zamu ya mke wake, mzee wa kofia akamtambua, nikampa. Alitoka mlango huu, wewe ukaingia ule."

"Kashachukua?"

"Mapaja mawili na kifua. Sasa unangoja nini, mama? Hapa huna kitu."

Mbele ya foleni nzima ya kuku, Nereida akaanza kucheka.

Kwa sababu alikuwa amemwona kibarua wake. Alimwona kabisa, ameegemea kaunta yake ndani ya programu, akingoja vitufe kwenye foleni tupu. Nani aliimwaga foleni ile? Yoelvis! Yoelvis, kijana mwema, aliyefanya kazi meza ya pili kabla hajaenda Uruguay, aliweka mstari mmoja tu: mlango wa sanduku ukifunguliwa, vitufe vyote vifutwe, muuguzi asije akawa amebonyeza kwa kiwiko. Alitaka kumpunguzia kibarua kazi. Alichota moja kwa moja kwenye foleni bila kupita kwenye kikapu, mzigo ukaondoka, taarifa ikabaki. Kibarua anasoma taarifa, anakwenda, hakuti kitu, na kwa kuwa kaambiwa kipo, anangoja. Anangoja milele. Huku nyuma joto linashuka, kikapu kinajaa, na Panchito anapoa.

"Nipe karatasi," alimwambia muuza nyama.

"Ya nini? Huna kuku."

"Nipe hivyohivyo!"

Akaandika juu ya karatasi ya kufungia nyama, kwa herufi kubwa: UKIITWA UKAIKUTA FOLENI TUPU, USINGOJE. RUDI UANGALIE KIKAPU. Akapigia mstari. Wiki tatu za kuumwa kichwa zimekwisha kwa sentensi moja. Akaikunja karatasi taratibu, akaisoma tena kwa raha.

Aliisoma mara ya tatu ndipo ilipomwingia.

Akatoka mbio. Wanaomfahamu wanasema hawajawahi kumwona Nereida Fundora akikimbia, si kabla ya siku ile wala baada yake. Kwenye benchi sita-sita ilikuwa imesimama wima, peke yake, na Caruca ameitolea macho.

"Tangu lini?" alihema Nereida.

"Dakika ishirini. Zoraida kapiga simu mara tano, mara ya tano alinitukana."

"Sasa mbona hukuja kuniita?"

"Si umesema nisinyanyuke hata mbingu zikidondoka?" Caruca aliumia kweli. "Nimekaa na haja ndogo tangu saa tatu kwa ajili ya mitambo yako!"

Ofisi ya notari ilikuwa na baraza, na barazani alikuwa amekaa Eladio. Eladio alipiga tromboni kwenye bendi ya manispaa, na hata huko wenzake walisema yeye huingia wimbo ukiwa katikati. Siku ya harusi yao alichelewa saa nzima. Leo alikuwa amevaa shati lake la bendi, amechana nywele, na magotini amepakata mfuko wa plastiki unaodondosha maji ya barafu sakafuni. Leo, kwa mara ya kwanza katika historia, alikuwa amewahi.

"Fundora?" alisema mlinzi. "Nimeita mara tatu mpaka koo limenikauka. Muhuri umechukuliwa na notari mwingine, kaenda nao kijijini kwa wosia. Njoo Ijumaa, anza upya."

"Zoraida yuko wapi?"

"Kasema Ijumaa ndiyo nafasi yenu ya mwisho. Kasema nikutajie mparachichi."

Nereida alimgeukia Eladio. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye ana kwa ana tangu msimu wa mvua.

"Nani alikutuma kuku?"

"Hakuna." Eladio aliutazama mfuko. "Niliona daftari umelisahau kwenye msumari. Nikapita buchani, nikakuta zamu yako imefika na wewe hupo. Nikasema nikupunguzie foleni moja, usije ukachelewa hapa."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie vipi? Nibandike kikaratasi?"

Alitamani kumtukana. Alikuwa na matusi ya miaka sita, yamepangwa kwa utaratibu, na yote yalikuwa tayari kutoka. Lakini maji ya kuku yalikuwa yameloanisha suruali yake nzuri ya bendi mpaka gotini, naye hakuonekana kama amegundua. Nereida akaona aibu, bila kujua vizuri ni ya nani.

Jioni ile mtungi uliojaa ulikuwa upande wa Nereida, na kuku alikuwa upande wa Eladio. Akapika wa zamu, ambaye alikuwa Nereida, na kwa kuwa kuku mbichi hangeweza kuvuka plaiwudi mwenyewe, Eladio alimleta jikoni, akabaki kumenya vitunguu saumu. Wakala wamesimama. Walisema maneno kama ishirini, mengi yakihusu chumvi.

Siku ya pili yake alirekebisha programu. Alhamisi tume ilikuja, ikafungua mlango wa sanduku na kuufunga, ikabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, na kibarua akaenda, akakuta patupu, akarudi, akaendelea na shughuli zake. Baldoquín alimbeba Panchito mikononi mbele ya madaktari. Alipoulizwa alivyoligundua kosa, Nereida alijibu kwamba alilisoma mahali.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi alifika kwa notari. Safari hii hakuweka nafasi pengine popote. Simu ilikuwa mfukoni mwake mwenyewe, na Caruca amepewa likizo. Watu tisa walishapanga mstari ukutani, na mlangoni, nje ya mstari, alisimama Zoraida, amekunja mikono. Miaka sita ya kutaka kuondoka, na sasa angekuwa wa kumi, na muhuri ni mmoja, na huenda ukaitwa tena kwenye wosia.

"Nani wa mwisho?" aliuliza.

Mkono uliinuka, lakini haukuwa wa mwisho wa mstari. Ulikuwa wa mtu wa tatu kutoka mlangoni, kwenye shati la bendi. Mbele yake, kati yake na mtu wa pili, palikuwa na nafasi ya hatua moja, na hakuna aliyethubutu kuijaza.

Nereida akasogea. Aliuliza kwa mazoea tu, maana ndivyo mdomo wake ulivyozoea:

"Na wewe uko nyuma ya nani?"

"Nyuma yako," alisema Eladio. "Nimewaambia wote kuna mama mbele yangu, katoka kidogo. Toka saa tisa usiku." Akashusha sauti. "Leo utaondoka, Nere. Usiwe na wasiwasi."

Hakuna aliyemwita Nere tangu plaiwudi isimame. Mtu aliyemngojesha maisha yake yote alikuwa ameamka kabla ya majogoo ili amsaidie amwache haraka. Iliuma. Alishangaa ilivyouma, kwa maana alichokitaka ndicho alichokuwa akipewa.

Akaingia mbele yake, akasimama. Saa tatu mlango ulifunguliwa, na zamu yao ilipofika mlinzi akaita Fundora mara moja tu, na Nereida alikuwepo. Muhuri uligonga mara tatu, nyumba moja kubwa na mbili ndogo, na Zoraida akawabusu wote wawili mashavuni.

Nje, Eladio alimuuliza kama atahitaji mtu wa kumbebea mtungi mpaka stesheni.

"Nitakwambia," alisema Nereida, kisha akatembea peke yake mpaka bustanini, akakaa kando ya Caruca, akalia kidogo.